Kiboksi cha elfu 35 kimefanya kazi, waya wa laki na themanini nimeurudisha dukani

Wakuu habari zenu, naandika hii kwa yeyote mwenye tivi flati mpya na amplifaya ya zamani ndani, maana hili jambo limenisumbua karibu miezi miwili na hapa Dodoma kumpata mtu wa kukuelekeza bila kutaka kukuuzia kitu ni shughuli.

Iko hivi. Mzee wangu anakaa Nkuhungu, ana amplifaya ya Pioneer ya miaka ya 90 na spika mbili kubwa za mbao, havigusi mtu. Mwaka jana tukamnunulia tivi. Kuja kuangalia nyuma, hamna matundu ya nyekundu na nyeupe, tundu la hedifoni hamna, kuna HDMI, USB na kitundu kimoja cha mraba chenye kamlango, ile wanaita optiko. Na mzee anachotaka ni ngoma zake za Kigogo zilizoko kwenye flashi zilie kwenye spika zake, basi, hataki vispika vya tivi vinavyolia kama debe.

Nikaanza na laptopu yangu, waya wa oksi kutoka tundu la hedifoni mpaka nyuma ya amplifaya. Sauti ikatoka lakini chini yake kuna mvumo, mmmmmm, hauishi, na ukisogeza mausi unasikia vikwaruzo kama panya kwenye dari. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndo dijitali yenyewe?" Iliniuma. Nikagundua nikichomoa chaja ya laptopu mvumo unakata palepale, nikirudisha unarudi. Kumbe umeme wetu unapiga hertz 50, na laptopu ikiwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye soketi nyingine, halafu umeziunganisha kwa waya wa sauti, ule mkondo mdogo wa kwenye ethi, yaani waya wa umeme unaokwenda ardhini, unapata njia ya kuzunguka na unapita kwenye ganda la waya wako. Amplifaya haijui kama huo ni uchafu, inaukuza pamoja na muziki.

Hapo sikuwa nayajua hayo. Nikaenda duka moja katikati ya mji, si mbali na Nyerere Square, nikamweleza kijana. Hata hakuniuliza amplifaya gani, akasema tatizo ni waya kaka, huu wako ni wa mchina, akanitolea waya mnene una pini za rangi ya dhahabu, umesukwa kama kamba ya ng'ombe, shilingi 180,000, mita moja na nusu. Nikamwambia nitajaribu, ikigoma narudisha, akakubali, hilo namshukuru. Nimefika nyumbani nimechomeka, mvumo uko vilevile. Sawa, haujapungua hata chembe! Na sasa naelewa kwa nini, ganda la huo waya ni shaba nzuri kabisa, kwa hiyo ule mkondo wa ethi unapita vizuri tu. Bei haikati mzunguko.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa redio ana meza yake pale upande wa Sabasaba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia achana na laptopu, tumia kile kitundu cha optiko cha tivi, chukua kiboksi hiki. Kiboksi cheusi, kidogo kama kiberiti cha jikoni, upande mmoja tundu la optiko, upande wa pili nyekundu na nyeupe, hakina jina lolote. Elfu 35 pamoja na waya wake wa optiko.

Hicho ndo DAC. Kwa ambaye hajui, muziki ukiwa kwenye flashi au simu ni namba tu, CD tangu zianze kuuzwa 1982 zinabeba namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila spika, na spika haili namba, inakula umeme unaopanda na kushuka. DAC ndo inayogeuza. Simu yako inayo ndani, laptopu inayo, tivi inayo, hakuna kifaa cha dijitali kinachotoa sauti bila hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nunua DAC" swali ni hiyo uliyonayo ina kasoro gani. Ya laptopu yangu kasoro yake ni kukaa ndani ya boksi moja na vitu vingi vinavyopiga kelele za umeme.

Sasa uzuri wa optiko ni kwamba ule waya ni plastiki, unapitisha mwanga mwekundu, hamna shaba kati ya tivi na amplifaya, kwa hiyo mvumo hauna pa kupita.

Lakini usidhani nilichomeka tu ikakubali. Kwanza ncha za waya wa optiko zina vifuniko vidogo vya plastiki angavu, usipovitoa hauingii vizuri, mi nimelazimisha dakika kumi nzima. Pili, kimya. Mwanga unawaka, sauti hamna, halafu ghafla kelele shhhh-tatata ikatoka mzee akaruka. Fundi nikampigia akasema ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivi, pale kwenye sauti ya dijitali weka PCM, yaani zile namba za sauti zenyewe bila kufungwa, maana tivi ilikuwa inatuma Dolby, sauti iliyofungwa kwa mtindo wa sinema, na hiki kiboksi hakijui kuifungua. Nikaweka PCM, ikakubali. Tatu, nilikuwa nakilisha umeme kutoka kwenye USB ya tivi yenyewe, kukawa na kamvumo kadogo kamerudi kwa mbali, nikahamishia kwenye chaja ya simu ya pembeni, kikafa. Hii ya tatu watu wengi hawaijui, maana ukitumia USB ya tivi umeirudisha ile shaba uliyoikimbia.

Basi tukaweka rekodi ya marimba ya Kigogo, ilimba yenyewe. Nikasikia kila ukucha wa chuma ukidunda kuna kakitu kanazizima nyuma yake, zzz, zzz, nikainuka kwenda kugusa pini nikijua kelele imerudi. Mzee akanishika mkono. "Kaa chini. Hiyo ni ilimba. Pale kwenye tundu wanaziba na utando wa buibui ili ilie hivyo." Yaani ile sauti ilikuwepo siku zote kwenye rekodi, ila mvumo wa laptopu ulikuwa umeimeza, na mimi miaka yangu yote sikuwahi kuisikia kwenye simu. Mzee aliisikiliza amefumba macho mpaka mwisho, akasema irudie.

Kwenye suala la waya sikutaka kuongea kwa kubahatisha. Kabla sijaurudisha ule wa laki na themanini nikauweka kati ya kiboksi na amplifaya, nikaupokezana na waya wa elfu 5. Mpwa wangu ndo anabadilisha nyuma ya pazia, mimi nimegeukia ukutani, "Mjomba, sasa huu ni upi?", nataja, anaandika. Mara 12. Nimepatia 6, sawa na kurusha shilingi. Na nimejaribu na marimba, kwaya na gitaa za dansi za zamani. Angalizo moja kwa atakayejaribu, ukilinganisha vifaa viwili vyenye nguvu tofauti lazima usawazishe sauti kwanza, maana kinachopiga juu kidogo sikio litakichagua hata kama ni kibovu, na madukani wanakupata hapohapo.

Ila waya wa spika ni kesi nyingine, huo una maana. Spika moja ya mzee iko mbali, waya unazunguka mlango, mita 9, na tulikuwa tumeweka ule mwembamba mwekundu na mweusi. Nikaukwangua na wembe, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Aluminiamu imepakwa shaba! Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na huo waya mwenyewe ni wa nusu milimita mraba, ukipiga hesabu kwenda na kurudi mita 18 unakaribia ohm 1 nzima ya ukinzani, yaani waya kuzuia umeme, wakati spika yenyewe ni ohm 4. Nguvu inaishia njiani na besi inalegea. Nikanunua waya wa kawaida wa umeme wa shaba, ule laini wa nyuzi nyingi, wa milimita mraba 2.5, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ukinzani unashuka mpaka kama ohm 0.13. Spika ya mbali ikaamka, sikuhitaji kugeukia ukutani kwa hiyo, hata mama jikoni aliuliza mmefanya nini.

Na vumbi letu hili jamani. Pini za nyuma ya amplifaya zilikuwa na utando wa kahawia, nilipozisugua na pamba yenye spiriti upande wa kushoto ukaacha kukatakata. Umeme uwe umezimwa kabisa lakini.

Kwa wa laptopu na simu ambao hamna optiko, ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda jeki ni DAC nzuri sana kwa bei yake, ninayo ofisini. Ila kwenye Androidi nyingi sauti yake inakuwa chini, na zile zilizotengenezewa soko la Ulaya zinatoa nusu volti badala ya volti moja, ulizia kabla hujalipa. Na haitakata mvumo wa ethi, hiyo bado ni shaba.

Kiboksi kina miezi mitano sasa, kinawaka toka asubuhi mpaka mzee anapolala, kinapata joto kidogo tu. Dosari yake ni kwamba hakina cha kuongezea wala kupunguza sauti, na rimoti ya tivi haiathiri chochote kwa upande wake, inabidi uinuke kwenye amplifaya. Mzee anasema hilo halimsumbui, kiti chake kakisogeza karibu.