Karatasi za kupimia maji za vidoti 14: kisimani sawa, ziwani hapana

Kijiti kimoja, vidoti 14, dakika moja, majibu tayari. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye mradi wa maji hukimbilia karatasi hizi. Kazi zinafanya, ila si kila mahali.

Kwa visima vifupi vilivyo jirani na vyoo vya shimo zinastahili hela yake. Kidoti cha nitrati (chumvi ya nitrojeni itokanayo na kinyesi au mbolea) kikikolea waridi, kuna jambo. Ila tazama chati kabla ya kuandika: nyingine huhesabu nitrati yenyewe, nyingine nitrojeni iliyomo, na 10 ya nitrojeni ni kama 44 ya nitrati. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 50 mg/L kwa nitrati. Ukichanganya hapo, ripoti nzima imeharibika.

Ziwani zinadanganya. Chota maji ya kijani ufukweni Kirumba, Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria, nitrati husoma 0, mwanafunzi anaandika "hakuna uchafuzi". Kumbe mwani umeshaila. Sehemu ya nitrati imo ndani ya ule ukijani. Fosfeti, chakula kingine cha mwani, mara nyingi huwa kidogo mno kuonekana kwa kijiti, na vichupa vingi havina hata kidoti chake. pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi umepungua) nayo hupanda jua likiwaka kwa kuwa mwani hufyonza kabonidioksaidi, hivyo usilinganishe sampuli ya saa 1 asubuhi na ya saa 9 alasiri. Kwa ziwa, heri kisahani cha Secchi cha kupimia uangavu wa maji: bati la sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, kamba ikiwa na alama kila sentimita 10. Kishushe kutoka gatini au mtumbwini hadi kisionekane, usome kina kwenye kamba. Kuingia majini ni kujitafutia kichocho.

Maji ya bomba: fungulia dakika 2, chovya hapohapo. Klorini ya chupa iliyopanda daladala hadi shuleni huwa imeshapotea.

Bakteria? Hata kidoti kimoja hakikuambii la maana. Ongeza chupa za H2S (kipimo cha bakteria watoao gesi ya hidrojeni salfaidi, dalili ya kinyesi), subiri saa 24 hadi 48 uone kama maji yanageuka meusi.

Ukishachovya, laza kijiti. Ukikisimamisha rangi hutiririkiana. Piga picha kivulini pamoja na chati. Kosa kubwa zaidi ni kifuniko kuachwa wazi: unyevu huua vidoti kimyakimya. Kila siku ya kazi chovya kijiti kimoja kwenye maji ya betri (ya kuongezea, si asidi). pH yake ipuuze, lakini nitrati isiposoma 0, kichupa hicho tupa.