Tahadhari: "Wireshark Pro" haipo, anayekuuzia anaitaka kompyuta yako

Wadau, na hasa nyie mnaoanza kujifunza mambo ya mitandao, kaeni chonjo. Wireshark ni programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao. Sasa kuna muuzaji anazunguka na programu anayoiita "Wireshark Pro". Anadai ni toleo la wataalamu, lina leseni ya maisha, na ukiliwasha kwenye Wi-Fi yoyote unasoma meseji za WhatsApp za kila aliyeunganishwa. Msinunue. Kama umeshanunua na kusakinisha, chomoa hiyo kompyuta kwenye intaneti kwanza, halafu rudi usome.

Wireshark haina Pro. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 ikiitwa Ethereal, ikabadili jina mwaka 2006 kwa sababu ya masuala ya alama ya biashara, na muda wote huo imekuwa ya bure, ya chanzo huria, chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Haina namba ya kuiamsha wala kipindi cha majaribio cha siku 30. Zipo kampuni zinazouza programu zao nyingine za kunasa pakiti kihalali, hizo sina ugomvi nazo. Na kusema haki, GPL yenyewe haimkatazi mtu kulipisha nakala. Shida ya huyu bwana ni mzigo aliouficha ndani.

Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyeingia mkenge. Alituma pesa kimyakimya, akaletewa faili la zip lenye nywila, pamoja na agizo la kuzima antivairasi kabla ya kulifungua, eti antivairasi huwa zinazionea programu za aina hii. Faili lenye nywila antivairasi haiwezi kuchungulia ndani yake, na ukishaizima, hata ukilifungua hakuna wa kupiga kelele. Hapo tayari mlango uko wazi na mwenye nyumba kalala.

Programu ikafunguka vizuri tu. Pezi la papa la bluu, orodha ya kadi za mtandao, pakiti zinatiririka kwa rangi zake. Ilikuwa Wireshark ya kweli kabisa, ndiyo maana hakushtuka. Meseji za WhatsApp hakuziona, akamuuliza muuzaji, akaambiwa bado hajalipia "moduli ya kufungulia". Akalipa. Ilipotajwa ada ya tatu ndipo akaja kwangu, uso umemshuka.

Sikutaka kuiuliza kompyuta iliyoambukizwa habari zake yenyewe. Niliiweka peke yake kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwa waya, nikaiagiza swichi inakili kila kinachopita kwenye mlango ule na kukituma kwenye kompyuta yangu. Kijana akafunga kila programu. Nikaanza kunasa, nikaandika dns kwenye kichujio ili nione tu maswali ya kutafuta anwani za majina ya mtandaoni, tukasubiri. Baada ya muda mfupi likatokea swali: kompyuta inatafuta anwani ya jina refu, herufi na tarakimu zilizorundikwa tu. Jibu likaja. Nikaondoa kichujio nione kilichofuata: ilitoka SYN, ikarudi SYN-ACK, ikafuata ACK, yaani pande mbili zinabisha hodi na kuitikiana, kisha TLS, usimbaji unaofunga data njiani, kwenye mlango wa 443 unaotumiwa na tovuti salama. Kimya. Sekunde 60 baadaye, jina lilelile, mwendo uleule. Tukakaa pale tukiitazama kama mtu anayehesabu matone ya bomba bovu. Kwenye jedwali la Wireshark linaloonyesha nani kazungumza na nani, data iliyotoka ilikuwa nyingi mno kuliko iliyoingia, na hakuna aliyekuwa amegusa kibodi.

Kilichokuwa kinatoka ni nini hasa? Sikuweza kukisoma, kwa sababu kilikuwa ndani ya TLS. Na hilo ndilo ninaloomba mlitafakari: kompyuta iko mezani kwangu, waya uko mikononi mwangu, Wireshark halisi iko mbele yangu, na bado yaliyomo ndani nimeyakosa. Sasa huyu anakuuziaje uwezo wa kusoma simu ya mtu usiyemjua?

Kunasa pakiti ni jambo moja, kuzisoma ni jambo lingine. Kwanza hata kuzinasa si rahisi kama anavyohubiri. Kwenye mtandao wa waya, swichi humpelekea kila mmoja pakiti zake, kwa hiyo utaona zako na matangazo machache ya wote. Kwenye Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2 inabidi kadi yako ikubali hali ya kusikiliza hewa nzima, uwe na nywila ya Wi-Fi, na uwe umenasa zile pakiti nne ambazo simu na ruta hubadilishana wakati simu inajiunga. Ukivuka yote hayo, meseji ya WhatsApp bado imefungwa kutoka simu hadi simu, na funguo ziko ndani ya simu hizo mbili. Kwenye pakiti utakuta ukubwa, muda na anwani. Maneno hayamo. Na nisisahau: kunasa mawasiliano ya watu bila ridhaa yao ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Muuzaji anajua hilo, na analipenda. Aliyenunua kitu cha kumpeleleza mwenzake atakwenda kulalamika wapi?

Ile video yake ya maonyesho nayo tuliitazama tena, safari hii kwa kuisimamisha. Kuna mahali anabofya mstari, jina na nywila zinatokea wazi, mtazamaji anaduwaa. Tazama safu za mtumaji na mpokeaji. Zote mbili zimeandikwa 127.0.0.1. Hiyo ni kompyuta inayozungumza na nafsi yake. Itifaki ni HTTP ya kawaida, bila usimbaji wowote. Ametengeneza ukurasa wake mwenyewe, akaandika nywila yake mwenyewe, kisha "akaidukua".

Ana mtego mwingine ambao hata wazoefu wanaweza kuukanyaga. Ukilalamika kwamba huoni kitu, anajitolea kukusaidia: mtumie faili lako la pcap, lile linalohifadhi pakiti ulizonasa, akuchambulie. Usithubutu. Faili hilo lina anwani za ndani za mtandao wenu, majina ya kompyuta, tovuti mnazotembelea, na kama kuna kifaa cha zamani kinachotumia Telnet au FTP, njia za kale zisizosimba chochote, lina nywila zake waziwazi. Unamkabidhi ramani ya nyumba, na pengine na funguo.

Wireshark ipakueni wireshark.org, mkisoma anwani herufi kwa herufi, maana matokeo ya juu kabisa kwenye utafutaji yanaweza kuwa tangazo la mtu. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, angalia saini ya kidijitali ni ya nani. Ukitaka uhakika zaidi, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe alama ndefu itakayotokea na iliyochapishwa kwenye tovuti yao. Npcap, dereva inayofanya kazi ya kunasa kwenye Windows, inakuja humohumo. Akikuletea dereva ya pembeni, kataa. Msiotaka programu ya madirisha, tcpdump, inayotumika kwa kuandika amri, ipo tangu mwaka 1988, nayo ni bure.

Kwa ambao wameshasakinisha: kuifuta programu hakutoshi, kwa sababu ile Wireshark ilikuwa koti tu. Sisi tuliokoa nyaraka, tukafuta diski yote na kusakinisha mfumo upya. Nywila badilisheni kwa kutumia kifaa kingine kisafi, mkianza na barua pepe na benki. Kwenye WhatsApp ingieni vifaa vilivyounganishwa, mtoe chochote msichokitambua.

Tangu kijana amwambie tumemjua, muuzaji amembloku, amebadili jina na picha, na sasa bidhaa anaiita "Wireshark Ultimate". Video hajaibadilisha. Isimamishe pale nywila inapotokea, utaikuta 127.0.0.1 pande zote mbili.