Kufuata kinachokimbia: kamera ya kioo au isiyo na kioo?

Kipimo cha haki cha kamera inayofuata kitu kinachokimbia, kwa maoni yangu, ni kumwomba mtu aendeshe baiskeli kukujia moja kwa moja, umpige picha mfululizo, kisha uikuze kila picha hadi asilimia 100 na uhesabu zile ambazo jicho lenyewe, si sikio wala kofia, limetoka kali. Hapo Canon EOS R6 ya mwaka 2020, isiyo na kioo, hunishawishi zaidi, kwa kuwa husoma fokasi (mahali picha inapotoka kali) kwenye sensa, yaani kipokea mwanga, ileile inayopiga picha na hutambua jicho la mtu, mbwa, paka hata ndege. Nikon D500 ya mwaka 2016, yenye kioo ndani kinachopeleka mwanga kwenye kitafutio (tundu la kuchungulia), hutegemea sensa ya pekee iliyo chini ya kioo hicho, yenye pointi 153 za fokasi, hivyo lenzi isipolingana nayo sawasawa utalazimika kuingia kwenye menyu na kuirekebisha, kazi inayochosha. Hata hivyo, kitafutio chake huonyesha mwendo bila kuchelewa, na betri yake hukadiriwa kufikisha picha 1,240. Anayewapiga picha watoto wakicheza atafaidika na ya kwanza. Anayeshinda porini mbali na umeme, naye ana lenzi za Nikon tayari, hana haraka ya kuhama.