Mabegi ya keria kwa safari ya tandem: anza na kulabu

Wasomaji wanaojiandaa kwenda kupiga kambi Bagamoyo kwa tandem, yaani baiskeli ya watu wawili, wananiletea lalamiko lilelile: begi jipya limechomoka kwenye matuta ya Bunju na kujibamiza kwenye spoki.

Rangi na wingi wa mifuko utajionea mwenyewe dukani. Mimi naongelea kulabu zinazoshikilia begi kwenye keria. Tandem inabeba watu wawili, lakini nafasi za mabegi ni zilezile nne za baiskeli ya mtu mmoja: mbili nyuma, mbili mbele. Nguo za wawili, sufuria, jiko, maji, vyote vinabanana humo. Sasa bomba la keria likiwa la milimita 10 na kulabu ina uwazi wa 16, begi linacheza kila mkiingia shimoni. Plastiki inalika, rangi ya keria inakwanguka, halafu hewa ya chumvi ya pwani inaleta kutu palepale.

Namba moja ni Ortlieb Back-Roller Classic, na mapenzi yangu kwa Wajerumani hawa siyafichi. Jozi ina lita 40 na mdomo wake unakunjwa, maji hayapiti. Kulabu zinapokea bomba hadi milimita 16, na linakuja na vipande vidogo vya plastiki vya kuzibana kwenye keria nyembamba. Ukivuta mpini zinafunguka, ukiachia zinajifunga. Kulabu ya chini unaisogeza mpaka ikamate mguu wa keria, begi lisibembee kuelekea gurudumuni.

Namba mbili ni Vaude Aqua Back, ya Ujerumani pia. Nzuri, ila mkono wangu unaenda kwa Ortlieb.

Yale ya bei poa yenye kulabu ya chuma na kamba ya mpira yanafaa kwenda Coco Beach na kurudi.

Wauzaji ndio wananiumiza roho. Usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 wanakubebesha wewe, sawa, biashara ndivyo ilivyo. Lakini wanafungua boksi, wanatundika begi ukutani, na kale kamfuko ka vipande kanaishia kwenye takataka. Ukiuliza, wanakujibu: "Dada, hili linaingia keria zote." Haliingii! Nenda na baiskeli yenyewe, litundikwe mbele yako, ulitikise kwa mikono miwili. Vipande vikikosekana, dai bei ishuke, na kabla ya safari zungushia bomba la keria ukanda wa tyubu kuukuu, ukaze mpaka kulabu iingie kwa kusukuma.