Kufuma: sindano mbili au ndoano moja?

Gharama ya kuanzia inakaribiana, ila kwa kitambaa cha ukubwa uleule ndoano hula uzi zaidi. Tofauti kubwa utaiona ukikosea. Kwenye ndoano kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Ikichomoka, unairudisha unaendelea. Kwenye sindano vitanzi vya safu nzima viko wazi, na kimoja kikiponyoka kinafumuka safu kwa safu kwenda chini. Mgongo wa sweta uliniharibikia hivyo ndani ya daladala, kwa breki moja tu!

Lakini sweta ya mtoto lazima ivutike ipite kichwani, na hapo sindano ndizo zenyewe. Vitambaa vya makochi, vinavyotakiwa kutulia, ni vya ndoano. Unayefuma safarini, beba ndoano. Mwenye kichanga Njombe, kwenye baridi ile, anunue sindano.