Karabai ya Zamani au Mpya ya Dukani? Tuiangalie Petromax 829

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Leo mezani nina karabai. Ni Petromax 829, ile yenyewe iliyotengenezwa Ujerumani, na pembeni yake nimeweka Butterfly ya Kichina ambayo bado ni mpya. Wengi mnaniuliza mnunue ipi. Jibu langu nalitoa mapema: chukua ya zamani, mradi tangi lake liwe zima. Vingine vyote vinatengenezeka.

Tuanze na hilo tangi. Sogeza kamera hapa. Hii ni shaba iliyopakwa nikeli, na jina limegongwa kwenye bati lenyewe, sio kubandikwa. Kiwandani ni Ehrich & Graetz, Berlin, na hilo jina Petromax limetokana na Max Graetz, mwenye kiwanda. Hapa chini nikeli imechujuka na shaba inaonekana. Hiyo isikutie hofu, na tafadhali usiipige msasa. Nikeli ikishaondoka hairudi, na mkusanyaji anayejua kazi yake anaipenda na alama zake. Cha kuogopa ni ufa. Shaba ya zamani hupata nyufa nyembamba kama unywele, hasa kwenye maungio ya kitako. Kuzijua ni rahisi: vua kofia na chimni, funga sindano inayozuia njia ya mafuta, pampu presha kidogo, kisha zamisha tangi kwenye beseni la maji. Ukiona mapovu kwenye kitako, muachie mwenye nayo. Usikubali kuambiwa itachomelewa. Tangi la presha lenye mafuta ya taa na moto juu yake halichezewi.

Sisi wa Mwanza tuna bahati. Wavuvi wa dagaa walitumia karabai miaka mingi ziwani, zikielea juu ya vielea wakati wa giza la mwezi, na sasa wengi wamehamia taa za sola na betri. Kwa hiyo zimejaa stoo na kwa mafundi. Na maji ya ziwa hayana chumvi. Karabai iliyofanya kazi baharini utakuta fremu na kofia vimeliwa na kutu hata kama tangi ni zuri, kwa hiyo ukiletewa ya pwani ikague mara mbili.

Sasa pampu. Vuta hivi, halafu sukuma. Ukihisi mkono unaenda bure, washa ya ngozi imekauka. Usiitupe. Itoe, itanue kwa vidole, iloweke kwenye mafuta, irudishe. Nyingi zinafufuka. Hapa Butterfly inapoteza alama kwangu: pampu ya hii niliyo nayo ni nyepesi na skrubu zake ni laini, bisibisi ikiteleza mara moja tu imeshaharibu. Ila niitendee haki, ilinakiliwa kutoka kwa Petromax, na vipuri vingi vinaingiliana. Chimni, utambi (ule mfuko mdogo wa kitambaa unaotoa mwanga), hata nipeli, kile kitundu kinachotoa mvuke wa mafuta. Ndiyo maana nasema ukiwa na nafasi nunua zote mbili, moja iwe ghala la vipuri.

Tuiwashe. Mafuta ya taa safi, na uyachuje kwa kitambaa. Mnajua hali ilivyo, tangu kodi yake ipandishwe mwaka 2011 kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, si kila kituo utayapata. Lakini hata ukiyakosa, usithubutu kutia petroli. Hii haikutengenezwa kwa petroli, italipuka.

Namimina spiriti kwenye kikombe hiki kidogo, nawasha, nasubiri. Watu wengi hawana subira hapa. Bomba lazima lipate moto mpaka mafuta yageuke mvuke kabla hayajafika kwenye utambi. Ukiharakisha utapata moto mwekundu, moshi na masizi, halafu utasema karabai mbovu. Spiriti inakaribia kuisha, nafungua sindano, napampu… haya. Sikilizeni. Huo mvumo. Na mwanga mweupe kabisa, chumba kizima.

Mweupe huo hautoki kwenye moto wenyewe, unatoka kwenye utambi. Carl Auer von Welsbach, Mwaustria, ndiye aliyeugundua na kuupatia hataza mwaka 1885. Baadaye akapata mchanganyiko wa thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1, na huo ndio uliodumu. Thoriamu ina mionzi kidogo, kwa hiyo tambi za zamani zikivunjika usivute vumbi lake, na nawa mikono. Siku hizi nyingi zinatumia itriamu. Ukishauchoma mara ya kwanza unabaki majivu yaliyoshikana, unaonekana mzima lakini ukiigonga taa tu umekwisha. Weka wa akiba kila wakati.

Msiiwashe chumbani mkafunga madirisha, na msilale nayo inawaka. Inakula hewa na hutoa gesi inayoua bila harufu. Barazani, uani, kwenye sherehe, huko ndiko kwake. Tangi likijaa, linawaka kwa muda wa kama saa nane.

Kuzima: hakuna kupuliza, na usikimbilie sindano. Hapa pembeni ya geji, kwenye kifuniko cha mafuta, kuna skrubu ndogo. Ilegeze, hewa itoke, yenyewe inafifia. Muiache wazi hivyo hivyo mpaka ipoe.

Kama nyumbani kwenu kuna karabai ya babu imekaa juu ya kabati, geuza kitako, soma kilichogongwa, kisha niandikieni hapo chini jina na namba. Nataka hasa kuziona za Tilley za Uingereza na za Optimus kutoka Uswidi.