TAHADHARI: Hilux ya "2012" niliyouziwa Dar ni ya 2006, na fowili yake ni pambo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Mtakaocheka chekeni, mke wangu naye alianza kwa kucheka kabla hajalia.

Nilikuwa na Canter, lori dogo, na yaliyoikuta sirudii. Baada ya pale niliapa natafuta pikapu, dabo kebini, fowili ya kweli, yaani magurudumu yote manne yanavuta, ya kupanda Lupembe mvua ikiwa imekolea. Nikachambua miaka kama mtu wa kidato cha nne. Zile Hilux za zamani, LN106, injini aina ya 3L, springi mpaka mbele, koili hakuna, ni ngumu kama jiwe, ila zilizobaki zimechoka na ambazo hazijachoka wenyewe hawauzi. Zikafuata hizi za kuanzia 2005, Vigo. Na humo humo kwenye Vigo kuna matabaka: za mwanzo, halafu zile zilizobadilishwa sura mwaka 2011, yaani boneti, taa, grili, fenda, mpaka katikati ya dashibodi. Nikaamua nataka ya 2012, injini ya lita 3.0. Hayo yote nilikuwa nayajua kabla sijapanda basi. Ndiyo maana inauma.

Tangazo lilisema: Vigo 2012, 3.0, fowili, namba D (herufi ya kibao cha usajili), imetoka Japani, mmiliki mmoja, milioni 42 maongezi yapo. Picha safi, gari nyeupe mbele ya ukuta wa bluu. Nikapiga. Sauti ya mtu mzima, mtulivu, hana haraka. Aliposikia natoka Njombe akaniambia, "Kamwene!", salamu ya kwetu. Akadai mama yake ni wa Lupembe. Wakuu, nilikuwa nimeshanunua gari pale pale, sema sikujua.

Nilishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Jamaa alikuwa ameshafika kunipokea, na alikuja na gari lenyewe. Nikaona huu ndio uungwana. Akanipeleka kunywa chai, supu na chapati mbili, akalipa yeye. Nikitoa hela anasukuma mkono wangu, "Aa, mgeni wangu bwana."

Tukaenda kwake, pale penye ukuta wa bluu. Akafungua boneti mwenyewe. Injini imeoshwa inang'aa unaweza kulia ugali juu yake. Akaiwasha, ikaitika mara moja, moshi hakuna. Akaweka kiganja juu ya ile pua ya boneti, ile ya kuingizia hewa, akasema, "Hii unaiona? Ndogo hazina pua. Hii ndiyo tatu nukta sifuri." Nami nilikuwa nimesoma hivyo hivyo. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu.

Kisha akaniambia niendeshe. Barabarani akasema, "Vuta fowili mwenyewe, usije ukasema nimekuficha." Nikavuta. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Ile taa ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa kwenye lami kavu, na mimi nimefurahia taa.

Nikatoa hela nikitetemeka, na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia usiku nakaa kitandani. Alikataa. Akasema, "Usinilipe leo, mkubwa. Kalale, fikiria, ongea na shemeji kwa simu. Gari si nyanya." Nani angemshuku mtu wa hivyo? Tapeli anakuharakisha, ndivyo tunavyoambiwa siku zote! Huyu alinibembeleza nisiharakishe. Usiku ule mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi asije akamuuzia mwingine.

Asubuhi tukamaliza kwa 38. Akaunti ilikuwa ya jina la kike, akasema ni la mke wake. Kadi ya gari nikapewa kopi, halisi "ipo TRA wanarekebisha jina, nakutumia kwa basi". Kopi yenyewe pale pa mwaka wa kutengenezwa inasomeka 20, mbele yake giza. Nikauliza. Akacheka, "Mashine ya stesheneri imekwisha wino." Nami nikacheka. Tulicheka wote wawili.

Nikirudi Njombe, mlima wa Kitonga gari ilipanda inahema kama mzee wa pumu, nikajifariji kuwa ni dizeli mbaya ya Ruaha Mbuyuni. Nimekaa zaidi ya saa kumi na mbili nyuma ya dashibodi ya zamani, naipapasa, naisifia, na tofauti yake nilikuwa nimeisoma kwa macho yangu mawili!

Wiki ya tatu mvua ikashuka. Nipo Lupembe na magunia kumi na nane ya viazi, kilima cha udongo mwekundu. Nikavuta fowili, taa ikawaka, magurudumu ya nyuma yanazunguka kama feni, ya mbele yametulia tuli. Tulivutwa na trekta, elfu themanini. Fundi wangu alipofika alilaza gunia chini, akaingia uvunguni, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, taratibu, "Kaka, propela ya mbele umeiweka wapi?"

Haipo hiyo shafti ya kupeleka nguvu mbele. Imefunguliwa, difu ya mbele, zile gia za ekseli, imekufa zamani, wakaona dawa ni kutoa propela. Taa inawaka kwa sababu swichi yake iko kwenye gia boksi, haina habari na gurudumu.

Akafungua boneti. Chini ya ile pua nilipotegemea intakula, kile kipoza hewa ya injini, hapakuwa na kitu, unaona injini moja kwa moja. Pua ya urembo! Boneti, grili, taa na fenda za 2012 zimevalishwa gari la 2006, na nembo ya 3.0 imebandikwa. Akafuta kibati cha modeli kwa mafuta ya taa: KUN25. Hiyo ni 2.5, zile za mwanzo zenye nguvu farasi 102. Ya 3.0 inasoma KUN26. Namba ya chesesi inaanza na MR0, yaani imetengenezwa Thailand. Fundi akanimalizia kabisa: Japani waliacha kuuza Hilux kwao mwaka 2004 mpaka 2017, sasa huyo Mjapani mmiliki mmoja wa Vigo alikuwa anaishi wapi? Nilikwenda TRA mwenyewe. Mwaka wa kutengenezwa: 2006. Iliingia nchini tayari imezeeka, ndiyo ikapata namba D. Namba inahesabu siku iliyosajiliwa hapa, si siku iliyozaliwa.

Jalada lipo polisi, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kwa hiyo jina lake silitaji hapa. Lakini huyu mtu afungwe. Simaanishi dhamana na tarehe ya kutajwa, namaanisha afungwe, apelekwe kulima viazi kwenye mvua ya Njombe, abebe lumbesa mgongoni kutoka bondeni mpaka barabarani, kila gunia nimhesabie mimi. Na huyo aliyemvalisha gari sura mpya, yule fundi wa bodi, naye awe nyuma yake na gunia lake. Milioni 38! Kuna hela ya mama mle ndani.

Basi, mnaokwenda kununua, haraka haraka maana simu inaisha chaji. Mkute injini ya baridi, mimi niliikuta ya moto kwa kuwa alinifuata nayo stendi, na sasa asubuhi inatoa moshi mweupe kijiji kizima kinajua nimeamka. Ni nozeli, zile za kunyunyizia dizeli. Someni kibati na chesesi, si nembo. Kopi ya kadi msikubali. Fowili jaribuni kwenye tope, au mlale chini mwangalie. Kuna na habari ya mikanda ya viti, ina lebo ya mwaka, fundi alinionyesha, yangu ilikuwa imekatwa kwa mkasi yote mitano. Na nenda na fundi wako hata kama muuzaji anakusalimia kwa lugha ya bibi yako.

Jana shemeji amenitumia tangazo jipya. Vigo, rangi ya fedha, "2013, 3.0, mmiliki mmoja". Ukuta ni ule ule wa bluu. Nimepiga kwa namba ya mtoto, akapokea, nikamwambia natoka Mbeya. Akaniambia, "Ugonile!" Na mama yake safari hii ni wa Tukuyu.